Nyongeza ya fedha za pampu za majitaka itolewe kwa maelezo

Mhariri,

Mkandarasi wa kazi za majitaka anapoomba fedha na muda zaidi, sisi wakazi wa Kampala hukimbilia kulalamika. Mimi sipingi nyongeza. Majitaka ya upande wa Kinawataka hulazimika kusukumwa kwa pampu hadi mtambo wa kusafisha majitaka wa Bugolobi, na pampu zikizimika uchafu huishia kinamasini, kisha katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, ambako mitambo ya Ggaba huchota maji tunayokunywa (na kuyalipia). Hata hivyo, kabla ya idhini, aeleze kwa maandishi iwapo kilichomchelewesha ni udongo wa kinamasi, ambao upimaji ulipaswa kuubaini mapema, au vifaa alivyochelewa kuagiza, kwani gharama hiyo ya pili ni yake mwenyewe.

Msomaji wako,
Kampala