Barua kwa Baba Imani: hiyo Datsun isilale nje hivi hivi

Baba Imani, kaka yangu,

Salamu kwako, kwa Mama Imani na kwa watoto wote, tuko salama huku St. Cloud, Minnesota, tunamshukuru Mungu. Picha ulizonitumia nimezionyesha kila mtu aliyepita hapa nyumbani, hata wale hawajui gari. Datsun 240Z ya 1972, sakafu kavu, milango inafunga vizuri, na imeishi Arizona maisha yake yote! Unajua vile hiyo kitu ni ngumu kupata? Huku kwetu nyingi za umri huo zililiwa na kutu zamani sana, unafungua kapeti unaona lami. Na sisi tuliokulia Kenya hiyo gari hatuijui kwa magazeti ya Wazungu, tunaijua kwa Safari Rally, Edgar Herrmann alishinda nayo 1971, halafu 1973 akaja Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Kampala, akamaliza akiwa amelingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine mpaka ikabidi sheria za mashindano ziamue, Mehta akachukua. Kwa hivyo nikisema nimefurahi jua nimefurahi kweli.

Sasa umeniambia huna garaji, itakaa nyuma ya nyumba mpaka Aprili, na umeshanunua lile turubai la plastiki la bluu uifunge kabisa isisikie baridi. Hapo ndipo nikaona niandike, juu kwa simu tutaongea mambo ya nyumbani na hii itapita. Hilo turubai lirudishe dukani, tafadhali.

Baridi yenyewe haina shida na gari. Mwisho wa Januari 2019 hapo Minneapolis palifika digrii -33 za Selsiasi, na chuma hakikujali, tena kukiwa kumeganda kabisa kutu inatembea polepole sana kwa sababu maji yamekuwa barafu. Adui wako ni maji, na maji mabaya zaidi siyo yale ya theluji unayoyaona juu, ni yale yanayotoka kwa hewa. Usiku chuma kinapoa kabisa, asubuhi jua linatoka, hewa inapata joto na unyevu lakini bodi na injini bado ni baridi, basi ule unyevu unakaa juu ya chuma, unaingia ndani ya milango, chini ya kapeti, kwa diski za breki, kila mahali. Miezi ya hatari ni Novemba na Machi, siyo Januari. Machi theluji inayeyuka mchana, usiku inaganda, kila siku hivyo hivyo, na ndio wakati watu wengi wamesharelax wanasema winta imeisha.

Ukifunga na plastiki unyevu unaopanda kutoka ardhini unanaswa pale ndani, ni kama kufunika ugali ukiwa moto, kifuniko kinatoa jasho na jasho linarudi chini. Halafu upepo ukivuma turubai linapigapiga, kamba zinasugua, na kama kuna vumbi chini yake rangi inachubuka. Nunua kava ya kitambaa kinachopumua, ile ya tabaka kadhaa, iliyokatwa kwa umbo la gari ndogo kama yako isiwe pana ikashika upepo, na ina mikanda ya kupita chini ya tumbo. Ni ghali kidogo, lakini rangi ya hiyo gari ukipeleka kwa fundi wa bodi utalipa mara nyingi zaidi ya hiyo.

Kama mfuko unaruhusu mimi ningeongeza banda, yale ya mabomba na kitambaa yenye paa la mgongo, wazi mbele na nyuma ili hewa ipite. Lakini likiwa banda lazima uwe mtu wa kuamka kufagia paa. Theluji nyepesi ya sentimita 30 ina uzito wa kama kilo 30 kwa kila mita mraba, na ile yenye maji ni zaidi ya hapo, sasa banda la mita 3 kwa 6 piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya nusu tani imening'inia juu ya Datsun. Vile vyuma vya kufunga banda chini, vile vya kuzungusha kama skrubu, vitie wiki hii hii kabla ardhi haijaganda, juu ikishaganda hata nyundo haisaidii. Na usiniambie bado mapema, mwaka 1991 hapo Minneapolis theluji ilianza siku ya Halowini yenyewe na ikamwaga zaidi ya sentimita 70 kwa siku chache.

Pale chini pia paangaliwe. Umesema ni majani na changarawe? Majani ni mabaya, yanatoa unyevu mchana na usiku. Tandika plastiki nzito kwanza (hapa ndipo plastiki ina kazi), halafu juu yake plaiwudi nene, halafu gari. Hiyo plastiki inazuia unyevu wa udongo usipande kwa chasis. Na iweke mbali na barabara na mahali wanapopitisha mashine ya theluji, chumvi wanayomwaga ikirushwa na tairi za magari inafika mbali, na chumvi inavuta maji kutoka kwa hewa, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi chumvi ya kawaida inaanza kuyeyuka yenyewe bila mvua, na ile ya kalsiamu inaanza mapema zaidi. Maana yake chuma chenye chumvi hakikauki. Gari yako haijawahi kuonja chumvi, na mimi naomba isije ikaionja. Barabarani usiiache hata siku moja, jiji likitangaza dharura ya theluji magari yaliyo upande mbaya yanavutwa na brekidauni, na hiyo siyo gari ya kuvutwa na mtu asiyeijua.

Kabla ya kufunika, ioshe, hata kama unaona ni safi. Piga maji chini, ndani ya mudigadi, pale nyuma ya mlango karibu na tairi la nyuma ambapo 240Z huanza kuoza kwanza, kwa stepuni, na chini ya betri, asidi ikivuja pale kwa muda mrefu inakula mpaka reli ya chasis. Mbele ya kioo, chini ya ile grili ya hewa, kuna majani na mchanga unaoziba mashimo ya kutoa maji, chokoa yote, mwaga maji uone yanatoka chini. Vilevile mashimo madogo chini ya milango. Halafu iache ikauke kabisa, endesha kidogo siku ya jua, paka waksi, na kule chini puliza ile oili ya lanolini, inabaki laini na inaingia kwa mishono. Usikubali mtu akupakie ile raba nyeusi nzito juu ya chuma cha zamani, inaficha unyevu ndani na kutu inaendelea huoni.

Mambo ya injini ni machache lakini usiyaruke. Mwaga oili ya zamani uweke mpya kabla ya kulaza, siyo baada, juu oili iliyotumika ina asidi na maji na yatakaa kwa beringi miezi yote hiyo. Kulanti, yaani yale maji ya rejeta, ipime, huko Phoenix mwenye gari anaweza kuwa alikuwa anaongeza maji tu, na maji yakiganda yanapasua bloku, ile injini ya L24 ya silinda sita kupata bloku nyingine nzuri siyo mchezo. Changanya nusu antifrizi nusu maji, hiyo inavumilia mpaka karibu -37. Usidhani ukiweka antifrizi tupu ndio utakuwa salama zaidi, ikiwa tupu inaganda kwenye -13 hivi, maji ndiyo yanaisaidia.

Petroli, hapa Minnesota tuna bahati. Ile ya kawaida ina ethanoli, na ethanoli inakunywa unyevu na haipendani na mipira ya kabureta za zamani, lakini sheria ya jimbo inaruhusu petroli isiyo na ethanoli kwa magari ya kale, boti, pikipiki na mashine ndogo, utaona kibandiko kwa pampu. Jaza hiyo, karibu tangi lote ili pasibaki nafasi ya hewa yenye unyevu, uweke dawa ya kutunza mafuta, halafu uendeshe kama dakika kumi na tano ile dawa ifike mpaka kwa kabureta zote mbili.

Betri itoe uingize nyumbani. Betri iliyoisha chaji inaganda kwa digrii chache tu chini ya sifuri na ikiganda inapasuka, iliyojaa inavumilia hata -50, lakini ukiiacha kwa gari itaisha tu polepole. Iweke kwa chaja ndogo ile inayojizima na kujiwasha yenyewe. Tairi ongeza upepo kidogo zaidi ya kawaida, juu baridi ikizidi upepo unashuka, na hendibreki usiivute kabisa, breki zitashikana. Iache kwa gia uweke mbao nyuma na mbele ya tairi. Raba za milango paka grisi ya silikoni, la sivyo utavuta mlango siku moja na raba ibaki kwa bodi.

Panya! Mama Imani asisome hapa. Vuli ikifika wanatafuta nyumba, na gari iliyofunikwa ni hoteli. Wanaingia kwa bomba la ekzosi, kwa pua ya kichujio cha hewa, kwa mabomba ya hita, wanatafuna waya, wanakojoa kwa viti na hiyo harufu haitoki. Ziba ekzosi na hewa ya injini na ile stilwulu ya kusugulia sufuria, halafu andika karatasi kubwa uifunge kwa usukani, TOA STILWULU, ndio siku ya kuwasha usisahau. Mitego weka nje kuzunguka gari, siyo ndani, ndani unawaita na chambo. Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kabati la nguo, watu wanapenda lakini viti vitanuka mpaka mwaka ujao, mimi siipendi. Chakula chochote ndani ya gari toa, hata peremende ya mtoto.

Ndani weka mifuko ya silika. Yale makopo ya chumvi ya kunyonya unyevu sitaki uweke, yanajaa maji ya chumvi na yakimwagika juu ya kapeti ndio umeleta Minnesota ndani ya gari ya Arizona.

Halafu kuna jambo ambalo najua tutabishana. Marafiki watakwambia washa kila Jumamosi iunguruke dakika kumi "ndio injini isilale". Usifanye. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, gari ikiunguruma kidogo imesimama haipati joto la kutosha kuyatoa hayo maji, yanabaki kwa ekzosi na mengine yanaingia kwa oili. Umesumbua injini bure na umeilowesha. Ama uiendeshe nusu saa barabara kavu, na hapa winta barabara kavu isiyo na chumvi hakuna, ama uiache ilale. Iache ilale.

Unachotakiwa kufanya kila wiki ni kuzunguka tu. Theluji iliyo juu ya kava toa kwa ufagio laini wa sponji, sukuma ile ya juu, ya mwisho mwisho iache, ukikwangua mpaka kitambaani unasugua rangi. Barafu iliyoshika kava usiivute. Siku kavu yenye jua na upepo kidogo, fungua kava upande mmoja saa kadhaa ipumue, hasa kuanzia Februari mwisho. Angalia nyayo za panya kwa theluji, zitakwambia kila kitu.

Bima pia piga simu, uliza kama unaweza kuibadilisha kwa miezi hiyo ibaki ya wizi, moto, na kuangukiwa na mti, na thamani iandikwe ile mliyokubaliana, siyo thamani ya Datsun yoyote ya zamani.

Na ikifika Aprili usikimbilie kuitoa siku ya kwanza ya jua. Theluji ikiisha chumvi bado iko barabarani unaiona nyeupe, subiri mvua mbili tatu nzuri zioshe lami. Siku ya kuamsha toa stilwulu, angalia waya na mipira, chomoa waya wa koili uzungushe injini kidogo mpaka presha ya oili ipande, ndio urudishe uwashe.

Najua ni mengi na una kazi mbili na watoto, kwa hivyo mimi nitabeba plaiwudi na ile oili ya lanolini, nina jeki na stendi zangu pia. Jumamosi hii ikiwa kavu nakuja asubuhi, wewe hakikisha gari imeoshwa Ijumaa na imekaushwa. Kava nitumie vipimo vya gari kabla hujaagiza nikuangalizie. Na risiti ya turubai usiitupe.

Ndugu yako,
Baba Wanja