Kabla hujafunga snomobili kwenye trela kwenda Yellowstone, soma hii kwanza

Kila ukifika mwezi wa 11 simu zinaanza, ndugu zetu wa Boise, Twin Falls, Salt Lake City mpaka Missoula, na swali ni lilelile: "kaka, Januari tunataka tukaione ile chemchemi inayoruka, tunaweza kuja na gari letu?" Msimu uliopita kuna familia walinunua kabisa snomobili mbili, zile pikipiki za theluji, wakazifunga kwenye trela wakaendesha usiku kucha mpaka West Yellowstone, ule mji wa geti la magharibi, kufika getini wakaambiwa hapana. Watoto walilia. Nilikuwa palepale napeleka wateja wengine na iliniuma kweli, manake hakuna aliyewaeleza mapema kwa lugha wanayoielewa vizuri. Ndo maana naandika.

Iko hivi. Kuanzia katikati ya Desemba mpaka katikati ya Machi, barabara karibu zote za ndani ya hifadhi ya Yellowstone hazipitishi gari la kawaida. Theluji haizolewi, inashindiliwa na mashine mpaka inakuwa ngumu kama sakafu, na juu yake zinapita snomobili na mabasi ya theluji tu. Barabara moja ndo inabaki wazi kwa magari mwaka mzima, ya kaskazini kutoka Gardiner hadi Cooke City, na winta inakomea hukohuko. Kama bajeti ni ndogo nakwambia ukweli, nenda hiyo, bonde la Lamar utaona baisoni, hawa nyati wa Marekani, na ukibahatika mbwamwitu pia, hapo hata sisi hutuhitaji.

Ila ukitaka Old Faithful winta, yaani ile chemchemi inayoruka, lazima uwe na mwongozaji mwenye kibali. Sheria iliyopo ni ya 2013: kwa siku yanaruhusiwa makundi 110 tu hifadhi nzima, mabasi na snomobili pamoja, na ya snomobili hayazidi 50. Kundi moja halizidi mashine 10. Spidi mwisho maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56, huachi barabara hata hatua mbili, na anayeshika usukani awe na leseni ya udereva. Sisi kazi yetu ni kukutoa mjini kwako mpaka West Yellowstone, kutoka Boise ni kama saa sita njia ikiwa nzuri, tunakukabidhi kwa mwongozaji, na mmoja wetu anapanda naye ili kila anachosema ukipate kwa Kiswahili. Wenye mashine zao wana njia moja, bahati nasibu inayofunguliwa mwezi wa tisa kwenye recreation.gov, kila geti linatoa nafasi ya kundi moja binafsi kwa siku, mashine tano mwisho, tena kila atakayeendesha asome kozi ya mtandaoni kwanza na snomobili iwe kwenye orodha ya zilizokubaliwa. Sasa mtu ameinunua Desemba, hapo bahati nasibu imeshampita.

Wengine wanasema huo ni usumbufu tu wa Wazungu. Hapana jamani. Snomobili za kwanza ziliingia Yellowstone 1963, zikaongezeka mpaka geti la magharibi asubuhi moshi unatanda rangi ya bluu, zile injini za kuchanganya petroli na oili, ikafika mahali mwanzoni mwa miaka ya 2000 askari wa hifadhi wanakata tiketi wamevaa vifaa vya kupumulia. Kesi zikaenda mahakamani miaka na miaka. Siku hizi mashine za kukodi ni tofauti kabisa, moshi kidogo na sauti isizidi desibeli 67 ukiwa kwenye mwendo, na ukizima unasikia theluji inadondoka kwenye matawi.

Lakini kwangu mimi sababu kubwa ni wale baisoni. Februari tulikuwa na kina mama wanne, tunarudi kando ya mto Madison, mwongozaji akainua ngumi juu, wote tukasogea pembeni tukazima. Wakaja kama kumi na tano, barabarani, mmoja nyuma ya mwenzake, manake kwenye theluji iliyoshindiliwa hatua ni nyepesi kuliko kule pembeni inakofika kifuani. Uso wote barafu, ndevu zimeganda, unasikia pumzi kabla hujasikia kwato. Hakuna aliyepumua hapo kwenye mashine. Mnyama huyu winta anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini kiangazi, majani anayachimba kwa kichwa akisukuma theluji kulia na kushoto, na majike wengi wana mimba, wanazaa mwezi wa nne na wa tano. Ukimkimbiza mita mia mbili tu upate video, umemla akiba yake, na mwezi wa tatu anaweza kuanguka. Ndo maana umbali ni mita 23 kwa baisoni na elk, wale wanaofanana na swala wakubwa, mita 91 kwa dubu na mbwamwitu, na akikusogelea yeye, wewe ndo unarudi nyuma. Mteja anayemwambia mwongozaji "pita tu katikati yao" hatumchukui tena, na pesa ya safari nyingine tunamrudishia.

Kuhusu kubuku: wiki za Krismasi zinajaa mapema mno, na katikati ya Desemba msimu ukianza theluji mara nyingine haijatosha, kwa hiyo mwenye watoto namshauri katikati ya Januari hadi Februari. Asiyetaka kuendesha au mwenye mgongo mbovu apande basi la theluji, lina hita, bibi zetu wamelipenda. Ukituma ujumbe wasap andika wangapi wanaendesha, wangapi wanapanda nyuma, na namba za viatu vya kila mtu, manake buti na ovaroli unakodi hukohuko na saizi za watoto ndo zinaisha kwanza.