Vyuo vikuu visome mkataba kabla ya kununua akili unde

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasimamizi wa vyuo vikuu vya hapa Nairobi wasitie sahihi mkataba wowote wa programu za akili unde kabla ya kujua maandishi ya wanafunzi wao yatakuwa yakienda wapi.

Mimi husimamia tasnifu za uzamili katika afya ya jamii. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliwahoji akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi, akawaahidi kwa maandishi kwamba maneno yao hayatasomwa na yeyote ila yeye na msimamizi wake. Mahojiano yalikuwa kwa Kiswahili na Sheng, tasnifu ilitakiwa kwa Kiingereza, na muda ulikuwa umeyoyoma. Basi akayapakia yote, pamoja na majina ya mitaa na siku za kliniki, katika programu ya bure iliyokuwa kwenye simu yake, ikamtafsiria kwa dakika chache. Hakuwa na nia mbaya. Hakujua kwamba akaunti za bure za programu nyingi za aina hiyo huruhusu mazungumzo yatumiwe kufunza modeli, yaani mfumo wenyewe wa akili unde unaotunga majibu, isipokuwa mwenye akaunti aingie kwenye mipangilio na kukataa mwenyewe. Nami sikuwa nimemwonya, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu akina mama wale walimwamini kwa kuwa alibeba barua ya chuo.

Wapo wahadhiri wenzangu wanaotaka programu hizi zipigwe marufuku. Samsung ilichukua hatua hiyo mwaka 2023 baada ya wafanyakazi wake kupakia msimbo wa programu uliokuwa siri ya kampuni kwenye ChatGPT, lakini kampuni hudhibiti kompyuta zake, ilhali mwanafunzi wetu ana simu yake na bando alilojinunulia, na ukimkataza ataendelea kwa siri.

Afadhali chuo kilipie chombo kimoja kwa ajili ya wote, kwa mkataba unaoeleza waziwazi kwamba maandishi ya watumiaji hayatafunza modeli, yatahifadhiwa kwa muda gani na katika nchi ipi, nani ndani ya kampuni anaweza kuyasoma, na yatafutwaje mwanafunzi akishahitimu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, inaweka masharti ya kupeleka data nje ya nchi, na inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 baada ya kugundulika kwamba data imevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenye data hiyo. Chuo kitatoaje taarifa ya uvujaji uliotokea katika akaunti ya mtu binafsi ambayo hata hakijui kuwa ipo?

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji hawapendi kuitaja. Programu inayoruhusiwa kusoma barua pepe na faili inaweza kudanganywa na maagizo yaliyofichwa ndani ya waraka uliotumwa na mtu wa nje, nayo ikayatii kana kwamba yametoka kwa mwenye akaunti. Kwa hiyo isiunganishwe kamwe na mfumo wa alama za mitihani, hata muuzaji akiahidi nini.

Najua vyuo vya umma vina madeni. Hata hivyo, vyuo vingi tayari hupata intaneti kupitia KENET, mtandao wa pamoja wa taasisi za elimu nchini, na sioni kwa nini visiketi pamoja vivyo hivyo kupatana bei moja ya leseni. Utafiti unaohusu wagonjwa ufanyiwe kazi kwa modeli huria, yaani ile ambayo mtu anaweza kuipakua na kuiendesha mwenyewe, kama vile Llama ya Meta, iliyowekwa kwenye seva ya chuo chenyewe, ili mahojiano yasitoke nje ya lango.

Naomba kila chuo kinachojiandaa kununua programu hizi kibandike rasimu ya mkataba wake, kwa Kiswahili na Kiingereza, mahali ambapo wanafunzi na wahadhiri wataisoma na kuihoji kabla sahihi hazijatiwa.

Mhadhiri wa afya ya jamii,
Nairobi