Kuhusu kipimo cha damu cha mwanetu

Nashville, Marekani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea, na nimerudia kuisoma pale unapouliza kama uuze mbuzi wawili waliobaki ili mwanetu apimwe serotonini, ile kemikali ya mwilini ambayo neva hutumia kupelekeana ujumbe, kisha anunuliwe dawa ya kuishusha. Nakuomba usiwauze.

Habari uliyopewa, kwamba usonji wake, yaani ile hali ya ubongo inayomfanya aone ugumu kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, unatokana na serotonini nyingi damuni, haikuzuliwa yote. Mwaka 1961, Richard Schain na Daniel Freedman waliripoti kwamba baadhi ya watoto wenye usonji walikuwa na serotonini nyingi kupita kawaida katika damu, na watafiti waliowafuata wameliona jambo hilo kwa takriban robo ya watoto hao au zaidi kidogo. Hivyo walio wengi hawana ongezeko hilo, ilhali wapo wazazi na ndugu wasio na usonji ambao kiwango chao kiko juu. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kuthibitisha usonji wala kuukanusha.

Serotonini ya damuni haitoki kwenye ubongo. Karibu yote hutengenezwa na seli za utumbo, ikaingia katika damu na kunyakuliwa na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda tunapojikata, ambazo haziwezi kuitengeneza zenyewe bali huivuta ndani kwa protini maalumu. Protini hiyohiyo hufanya kazi kwenye neva za ubongo, na ndiyo sababu watafiti hawajaliacha suala hili. Hapa mjini kwetu, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mwaka 2012 walieleza kwamba panya waliopewa badiliko la jeni ya protini hiyo, ambalo limewahi kuonekana kwa baadhi ya watu wenye usonji, walikuwa na serotonini nyingi damuni na hawakuchangamana na wenzao kama kawaida. Ni ugunduzi wa thamani, lakini panya si mwanetu.

Tena serotonini ya damu haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Kwa hiyo ndizi mnazomnyima, ambazo kweli zina serotonini, mrudishieni. Anazipenda, na vyakula anavyokubali ni vichache.

Kuhusu dawa, fenfluramini ilijaribiwa miaka ya 1980. Ilishusha serotonini damuni, lakini watoto hawakupata nafuu iliyotarajiwa, na mwaka 1997 iliondolewa sokoni huku Marekani kwa kudhuru vali za moyo. Sitalopramu, inayozuia protini ile isiivute serotonini, ilijaribiwa kwa watoto 149 na matokeo yakatolewa mwaka 2009: haikupunguza vitendo vya kurudiarudia kuliko kidonge kisicho na dawa, na madhara yake yalikuwa mengi zaidi.

Dada, zama zile za 1961 walikuwapo madaktari wakubwa waliodai kwamba usonji huletwa na mama asiyempenda mwanawe. Ongezeko lile la serotonini damuni lilikuwa miongoni mwa dalili za mapema kwamba chanzo kimo mwilini, na niliposoma maneno uliyoambiwa na wakwe kwenye arobaini ya baba, nililia. Hukumfanyia mtoto kosa lolote.

Fedha ninayotuma mwezi huu ni ya nauli ya kumpeleka kwa yule mwalimu wa matamshi, mara mbili kwa wiki kama mlivyopanga. Niandikie ameongeza maneno gani, na kama bado anaziba masikio adhana inapoanza.

Mdogo wako akupendaye