Mama asiiache dawa siku ya nne

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na zaidi kwa Mama. Tangu uliponiambia analala amekaa, kwa sababu nguo ikimgusa tu ubavuni pale palipotoka mkanda wa jeshi anahisi kuungua, sina raha. Na sasa anataka kuacha gabapentini, dawa yake ya maumivu, kwa kuwa amemeza siku tatu bila nafuu! Tafadhali, msomee haya.

Neva zinazoleta hisia kutoka ubavuni zina vijilango vya kupitishia kalsiamu. Habari ya maumivu ikifika kwenye ncha ya neva, mle ndani ya uti wa mgongo, kalsiamu huingia kwa kasi, na hapo ncha humwaga kemikali inayoiamsha neva inayofuata. Neva ikishajeruhiwa hutengeneza kwa wingi protini iitwayo alfa-2-delta, ambayo huvisindikiza vijilango hivyo hadi kwenye ncha. Vikijaa huko, hata mguso wa kanga unaweza kuwa moto.

Waliobuni dawa hii waliiga kemikali ya ubongo iitwayo GABA, lakini siko inakofanyia kazi. Mwaka 1996 ilionekana kwamba hunasa kwenye alfa-2-delta. Mwaka 2006 panya waliobadilishwa asidi amino moja tu, yaani tofali moja dogo, ya protini hiyo hawakupata nafuu yoyote kwa pregabalini, ndugu yake gabapentini. Ushahidi huo ndio ulionishawishi kuliko mwingine wote.

Jibu la Mama liko hapa. Kundi la Annette Dolphin, pale University College London, lilionyesha mwaka 2008 kwamba seli zikiguswa na gabapentini kwa muda mfupi, mkondo wa kalsiamu haupungui. Zikikaa nayo muda mrefu, unashuka. Dawa haizibi mlango uliokwisha kuwekwa mahali pake. Inazuia mipya isifikishwe. Halafu daktari naye huanza na dozi ndogo, akiipandisha polepole. Siku tatu ni chache mno, Rehema.

Dawa hii haimsaidii kila mtu, sitakudanganya. Lakini asiikatishe ghafla. Kizunguzungu kikizidi, au kama ana shida ya figo, daktari ajue, maana dawa hii hutoka kwa njia ya figo. Na asichanganye na vidonge vya usingizi.

Ijumaa nakuja. Namletea zile kanga zangu kuukuu, zilizolainika kwa kufuliwa. Ajaribu kujifunika hizo usiku.

Wako,
Mwanaidi