Kwa mpwa wangu wa Richmond, Virginia: wasome wenyewe walivyoandika

Mpwa wangu,

Ama baada ya salamu, mama yako hajambo. Analalamika kwamba kwa simu huonekani, ila kwenye kundi la ukoo unatuandikia magazeti. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kitako, na nakujibu hadharani kwa kuwa limeshasambazwa hadi kwa watu tusiowajua.

Unasema vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, viligombewa kwa ajili ya haki za majimbo, na kwamba habari ya utumwa ilipachikwa baadaye na walioshinda. Umeyapata kwa mzee mmoja wa kazini kwako, mtu mstaarabu. Ustaarabu wake sina ugomvi nao.

Lakini majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani yaliandika sababu zao, tena kwa wino mzito. South Carolina ilitangulia kujitoa tarehe 20 Desemba 1860. Fungua tamko lake uone inalia nini: majimbo ya Kaskazini yanakataa kurudisha watumwa waliotoroka, na New York haimruhusu hata bwana anayesafiri apite na mtumwa wake. Sasa pima. New York ilipojiamulia mambo yake kama jimbo, hao watetezi wa haki za majimbo ndio walionuna! Mississippi haikuzunguka mbuyu. Ilisema msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa. Machi 1861, mjini Savannah, makamu wa rais wa serikali yao mpya, Alexander Stephens, akahutubia kwamba jiwe la msingi la serikali hiyo ni kuwa mtu mweusi si sawa na mzungu, na utumwa ndiyo hali yake ya asili. Wakati huo hakukuwa na mshindi wala mshindwa. Risasi ya kwanza ilikuwa bado kupigwa.

Kuna mahali umegusa kweli, nakupa haki yako. Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati huo, hakuingia vitani ili awakomboe watumwa. Agosti 1862 aliandika waziwazi kwamba kama angeweza kuuokoa muungano wa majimbo ya Marekani bila kumwachia huru mtumwa hata mmoja, angefanya hivyo. Tangazo lake la tarehe 1 Januari 1863 halikuyagusa majimbo yenye watumwa yaliyobaki upande wake, kama Kentucky na Maryland. Ila hapo ndipo mzee wako anapokupotezea njia. Kusini walijitoa ili kuulinda utumwa. Kaskazini walipigana kwanza kuwarudisha. Kusema la pili hakulifuti la kwanza.

Na kuna watu ambao gazeti lako halikuwataja kabisa: watumwa wenyewe, karibu milioni 4 mwaka 1860.

Mei 1861, usiku, watu watatu walipanda mashua huko huko Virginia wakavuka hadi Fort Monroe, ngome iliyokuwa bado mikononi mwa jeshi la muungano, yaani la Kaskazini. Walikuwa Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory. Bwana wao, kanali wa jeshi la Kusini, alikuwa amewatoa wakajenge boma la mizinga. Akatuma mjumbe kuwadai kwa sheria ya kurudisha watoro. Jenerali Benjamin Butler, aliyekuwa wakili kabla ya kuvaa magwanda, akamjibu: si Virginia imejitangaza nchi ya kigeni? Basi sheria ya Marekani haiwahusu. Hata hivyo hakuwatangaza huru. Aliwashikilia kama mali ya adui iliyotekwa vitani, maana ndivyo mabwana wao walivyokuwa wakiwaita, mali. Habari ikavuja, na wengine wakaanza kumiminika ngomeni, wanawake na watoto pia. Hadi vita vinakwisha, watu weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa sare za jeshi la muungano, na kwa muda mrefu walilipwa dola 10 kwa mwezi, zikakatwa 3 za nguo, ilhali mzungu wa cheo hicho hicho alipata 13.

Binamu yako aliuliza kundini haya yanatuhusu nini sisi. Ile merikani waliyovaa mababu zetu ilikuwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini, ikafumwa Massachusetts, ikaletwa Unguja kwa meli za Salem. Misafara iliibeba bara kununulia pembe za ndovu, na watu pia. Vita vilipokata pamba, merikani ikaadimika Unguja, vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi. Kwa hiyo tusijifanye wageni kwenye matanga haya, mikono yetu nayo ilishika kitambaa.

Fort Monroe ipo hadi leo, pale Hampton. Kwa gari unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mchukue na huyo mzee, petroli nitachangia.

Mjomba wako