Barua ya wazi kwa mnaoandaa kumbukumbu za mama zetu

Wanangu na wajukuu zangu wa Dodoma mjini na vijijini, mbukwenyi.

Wasifu mnaotusomea misibani siku hizi unawaonea mama zetu. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, kisha nusu ya karatasi ni safari za hospitali. Mama aliyeimba kwaya miaka thelathini anapata mstari mmoja, presha yake inapata aya tatu! Ugonjwa mistari miwili inautosha.

Kabla ya kuandika, gawaneni watu wa kuuliza: mmoja aende kwa umoja wa akina mama kanisani, mwingine kwa majirani, mwingine kwenye kikoba chake, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Msiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Mtajibiwa "mcheshi, mpenda watu", na hayo husemwa kwa kila marehemu. Ulizeni alishika kazi gani, tangu lini hadi lini, na nani aliipokea kwake. Sanduku la kikoba hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Kama mama alikuwa mmojawapo, litajeni hilo kabla ya vyeo. Kama ndiye aliyepika uji wa uwele wa watoto wa Jumapili, semeni aliamka saa ngapi na kuni zilitoka wapi.

Mwaka wa kuzaliwa ndio unaosumbua kuliko vyote, maana ndio utakaochongwa kaburini. Anzeni na daftari la ubatizo kanisani alikobatizwa. Akiwa alibatizwa mchanga, liaminini kuliko kitambulisho cha uzeeni. Akiwa alibatizwa mtu mzima, umri ulioandikwa huenda ni wa kukisia, hivyo waulizeni wakubwa: Uhuru wa 1961 ulimkuta wapi? Operesheni ya 1971 ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa ilimkuta na mtoto wa ngapi mgongoni? Mkikosa uhakika, andikeni "takriban".

Majina ya watoto yasomwe na kila mlango wa familia kabla ya kuchapisha, pamoja na wa ndoa ya kwanza na wale aliowalea. Jina moja likirukwa, ugomvi huanzia pale pale makaburini.

Karatasi mbili, herufi kubwa, dakika saba. Mpimeni msomaji kwa saa nyumbani, na asiwe kitinda mimba. Mtu wa pili asimame kando na nakala yake, sauti ikikatika aendelee.

Kaburi msiliharakishie arobaini. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, kama Desemba hadi Aprili, na udongo uliorudishwa shimoni hutitia ukishanyeshewa. Mkilijengea Oktoba kwa marumaru, Machi mtakuta nyufa na fundi hapokei simu. Wekeni msalaba wa mbao kwanza, jengeni mvua zikiisha. Msingi ukae nje ya kingo za shimo, kwenye udongo ambao jembe halikuugusa. Zege liwe saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, lifunikwe magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba, kwa sababu jua na upepo wa Dodoma hulikausha kabla halijakomaa. Jina lichongwe. La rangi hufutika upesi kwa jua hili.

Nakala moja ya wasifu mpeni katibu wa umoja wa akina mama aitunze.

Ni mimi babu yenu,
Mzee wa kanisa, Dodoma